Ubeti Uliongoja Makambako

Mimi ni Efrazia. Baba yangu alikuwa Yohane Haule, aliyezaliwa Lugarawa, upande wa juu wa misheni, mahali ambapo sasa pamepandwa mipaini. Mama yangu alikuwa Anastazia Mlelwa, Mbena wa Mdandu, aliyeletwa kwetu kwa ndoa na ambaye hakuacha kuvilalamikia vilima vyetu hadi alipozikwa katikati yake. Mimi nilizaliwa Lugarawa, sikupelekwa shule, na haya ninayoyasema yanaandikwa na mjukuu wangu Sekunda. Nimemwagiza asipambe.

Wenzangu wa jumuiya mmeniuliza kilichotokea. Mmeniuliza bombani, mmeniuliza baada ya misa, na kila mmoja ameondoka na kipande chake. Sasa vipande hivyo vimeanza kunirudia vikiwa na mambo ambayo sikuyasema. Kwa hiyo nitaeleza mara moja, kwa utaratibu, na baada ya hapo asiniulize mtu.

Mnajua kwamba natunga nyimbo. Nimetunga za harusi, za mavuno na za misiba, na nyingi mnaziimba bila kukumbuka zilikotoka, jambo ambalo sina ugomvi nalo. Wimbo mmoja hamuuimbi kwa sababu haukuwa umekamilika. Ni wimbo wa kaka yangu Festo.

Festo aliondoka nyumbani akiwa kijana, wakati reli inajengwa, akaenda Makambako kutafuta kibarua. Aliliacha blanketi lake, akisema kwamba huko aendako atanunua jingine. Mtu wa mwisho kumwona, aliyemfahamu, alimkuta Makambako, amesimama kando ya barabara akiwa na mfuko mkononi. Baada ya hapo hatukupata habari wala kaburi. Mama alilikunja lile blanketi, akasema mtu asijifunike nalo hadi mwenyewe afike.

Katika nyumba ya baba yangu ulikuwapo utaratibu. Mtu akirudi kutoka safari, aliyeko mlangoni aliita jina lake na kuuliza kama amefika, na walioko ndani walijibu: amefika. Aliyepotea safarini aliitwa vivyo hivyo, ila aliitwa ndani ya wimbo. Mwimbaji huimba beti za kuondoka, huita jina, kisha hunyamaza. Anayejibu hawezi kuwa ndugu, maana ndugu atajibu kwa huruma. Lazima awe mtu wa mahali pale msafiri alipoonekana mwisho, na lazima asiwe ameombwa. Akijibu, huimbwa ubeti wa mapokezi: aketishwe, apewe chakula, afunikwe. Asipojibu mtu, mwimbaji hurudia ubeti wa kwanza, na msafiri anaondoka tena. Ubeti wa mapokezi wa Festo niliutunga nikiwa msichana. Sikuwahi kuuimba mbele ya watu.

Siku moja nikiwa uani nimeanika mahindi, niliuimba wimbo huo hadi mahali pa kunyamaza, nikanyamaza, nikarudia ubeti wa kwanza. Sekunda alinirekodi kwa simu bila kuniambia. Sauti ile ilitoka simu hii ikaingia simu ile, mpaka ikamfikia Mwalimu Projest, mtu wa Bukoba anayeishi Dar es Salaam, ambaye ni kiongozi wa okestra. Okestra ni watu wengi wanaopiga mazeze ya begani, mazeze makubwa ya kusimamisha chini, tarumbeta na ngoma, wote kwa kutazama karatasi. Alikuja Lugarawa, akanywa chai, akaomba niuimbe wimbo ule pamoja na watu wake katika ukumbi wa kanisa, Njombe mjini. Nilimuuliza kama hataki mwingine. Akataka ule ule.

Nilikubali. Njombe siyo Makambako, hivyo mahali pa kunyamaza pangebaki kimya kama siku zote, nami ningerudia ubeti wa kwanza na kurudi nyumbani. Mipango mingine waliishughulikia wenyewe.

Lugarawa hadi Njombe

Basi lilipaswa kuondoka alfajiri. Liliondoka jua likiwa limekwisha kupanda, kwa sababu dereva alikuwa akimsubiri abiria aliyemwahidi kuja. Abiria huyo alipofika alisema kwamba haendi, amekuja kutoa taarifa tu. Dereva akamshukuru.

Nilikaa kando ya kijana aliyebeba miche ya parachichi ndani ya kreti. Kabla hatujafika mteremko wa kwanza alikuwa amenipakatisha nusu ya miche ile.

"Shikamoo bibi. Nisaidie hii, ikikatika ncha tu haifai."

"Marahaba. Kwa nini usiiweke juu ya basi?"

"Juu kuna mbuzi, bibi."

Jibu hilo lilitosha, nikaipakata.

Mama mmoja wa kiti cha mbele aligeuka akanitazama kwa muda, kisha akaniuliza naumwa nini. Nilimwambia siumwi.

"Sasa unapelekwa wapi? Maana hospitali mnayo hapo hapo kwenu. Watu wanatoka Njombe kuifuata."

"Sipelekwi. Nakwenda kuimba."

Aliacha kunitazama mimi, akamtazama Sekunda. Akamuuliza kwa sauti ya chini, "Imemwanza lini?"

"Nini, mama?"

"Hii ya kuimba."

Sekunda alieleza habari za okestra. Kadiri alivyoeleza, ndivyo yule mama alivyozidi kutuonea huruma sisi wote wawili, na mwishowe alitupa ndizi.

Mbele kidogo mvua ilikuwa imekwisha kuiharibu barabara na basi likazama tope. Dereva aliwataka wanaume washuke kusukuma na wazee wabaki ndani. Mimi nilishuka, kwa kuwa sikuona sababu ya kuongeza uzito kwenye gari linalosukumwa. Nilisimama chini ya mwavuli na miche ya watu. Haukupita muda wanawake wa mashamba ya karibu wakatokea na ndoo za viazi vya kuchemsha na mahindi ya kuchoma, tayari vikiwa vya moto. Nilielewa kwamba mahali pale magari huzama mara kwa mara na kwamba wao wanapajua. Viazi vilikuwa vizuri. Chumvi ilikuwa nyingi.

Sekunda alikuwa akitetemeka.

"Bibi, tungelibeba lile blanketi."

"Lipi?"

"Bibi, unalijua."

"Kama nalijua na wewe unalijua, hakuna cha kuuliza."

Basi lilipotoka topeni, mmoja wa mbuzi alikuwa ameshuka na hakutaka kupanda tena. Tulimsubiri mbuzi.

Mjimwema

Binti yangu Oliva anakaa Mjimwema, mtaa wa Njombe, na anaishi kwa cherehani yake. Alinipokea vizuri, akanipa maji ya moto na makande, kisha akanionyesha gauni alilonishonea kwa ajili ya onyesho. Lilikuwa na vitu vya kung'aa kifuani. Nilimwambia avitoe. Alivitoa usiku ule ule, akinung'unika, na alama za uzi zikabaki. Kwa hiyo kama mmeona picha na kujiuliza zile alama ni za nini, ni hizo.

Asubuhi tulipata habari kwamba lori lililobeba vyombo vikubwa vya okestra limeharibika Makambako. Watu wa vyombo vidogo walikuwa wamekwisha kufika Njombe, lakini lori la vyombo vikubwa halikuweza kupanda. Tulisubiri. Ukungu ulikaa juu ya nyumba hadi mchana, ukaondoka, ukarudi. Kila jioni Mwalimu Projest, aliyebaki Makambako na lori, alipiga simu, na Sekunda aliiweka simu hiyo mezani ili sote tusikie.

"Shikamoo bibi. Lori limekufa giaboksi. Lakini spea inatoka Mbeya."

"Marahaba. Inatoka, au imetoka?"

"Inatoka, bibi."

Siku iliyofuata ilikuwa bado inatoka. Siku ya tatu alipiga mapema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekata shauri.

"Bibi, tumebadilisha. Hatuwezi kuleta ngoma kubwa wala yale mazeze makubwa kwa basi. Kuna mzee huku ana ghala la mahindi, amelifagia, anatupa. Onyesho litafanyika Makambako. Utaweza kuja?"

Nilimwambia nitakuja, nikatoka nje. Oliva alinifuata hadi kwenye kamba ya nguo.

"Mama, amesema Makambako."

"Nimesikia."

"Ndipo pale pa mjomba."

"Nimesema nimesikia."

Alianza kuanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi. "Lakini Makambako ya leo si ile. Watu wote ni wa kuja. Kuna watu wa Singida, wa Moshi, wa Tanga, kuna Wakinga wa maduka. Nani pale atamjua mjomba?"

"Haitakiwi wamjue. Inatakiwa waulizwe, na mmoja ajibu."

"Basi nina shoga yangu pale stendi. Nitampigia akae mbele kabisa, na ukiita tu, yeye..."

"Ukimpigia, siimbi."

"Mama."

"Ukimpigia nitajua, na sitaimba. Na wewe Sekunda uliyesimama nyuma ya mlango, hiyo ni yako pia."

Sekunda alitoka nyuma ya mlango.

Siku ile nilimenya viazi kwa ajili ya nyumba nzima ili nipate muda wa kufikiri. Mwito wa wimbo nilikuwa nimeutunga kwa Kipangwa, lugha yetu ya nyumbani. Kumwita mtu kwa Kipangwa katikati ya watu wa Singida na Tanga ni sawa na kuwauliza huku umeziba mdomo. Nikaubadilisha mwito peke yake, nikaacha beti kama zilivyo: Festo wa Yohane, amefika? Nilipima pumzi. Ilitosha.

Njombe hadi Makambako

Barabara hii ni ya lami na sina mengi ya kusema juu yake. Kilichosumbua ni kikapu. Oliva alisema siwezi kuingia katika nyumba ya mtu anayenipokea mikono mitupu, akakaanga nyama ya nguruwe, akaifunga kwa majani ya mgomba na kuifunika kwa kitambaa alichokitarizi mwenyewe. Tulikuwa tumekwisha kupita mashamba ya chai ndipo Sekunda alipouliza.

"Bibi, huyo mwenye ghala anaitwa nani?"

"Mzee Shabani."

Aliinama akakifunika kikapu vizuri zaidi. Mimi pia nilikuwa nimekwisha kulielewa tatizo.

Makambako kuna upepo, na upepo huo una vumbi, na kila mtu anazungumza kana kwamba aliye mbele yake yuko ng'ambo ya barabara. Mzee Shabani alitupokea mwenyewe. Ni mtu mrefu, mzaliwa wa Kondoa, msafirishaji wa mahindi na viazi, na ameishi Makambako tangu alipokuwa utingo. Nyumba yake na ghala lake vimo katika ua mmoja, na malori husimama kati ya hivyo viwili.

"Karibu mama, karibu. Pita ndani, chakula tayari."

Nilisimama nje ya kizingiti.

"Baba, ndani ya kikapu hiki kuna nyama ambayo haiingii kwako. Binti yangu hakujua. Naomba unionyeshe mahali pa kukiweka."

Alikitazama kikapu, akatazama kile kitambaa kilichotariziwa maua, nikaona anajitahidi asicheke.

"Kitambaa kizuri sana, mama. Kiweke pale chini ya lori lile, kivulini. Huyo dereva wake ni mtu wa kwenu huko, hatakidhuru."

Sekunda alikipeleka. Sisi tuliingia tukala pilau, na mke wa Mzee Shabani aliniongezea mara mbili bila kuniuliza. Wakati wa kula nilisikia kazi ya ua ule ikiendelea nje. Kila mara mtu mmoja aliuliza kwa sauti kubwa, "Juma amefika?" na mwingine akajibu kutoka mbali, "Amefika, anapima." "Mwakyusa amefika?" "Bado, yuko Mafinga." Nililisikia neno hilo mara nyingi na sikulitilia maanani. Nilikuwa nafikiria pumzi.

Ghalani

Mazoezi yalifanyika mchana huo. Waliketi nusu duara mbele ya magunia yaliyosogezwa ukutani, na Mwalimu Projest alisimama mbele yao juu ya kreti iliyopinduliwa, ana kijiti mkononi. Nilimuuliza kwa nini siku ya onyesho atawapa watu mgongo, akasema hivyo ndivyo inavyofanywa. Nilimuuliza kama hakuna aliyewahi kulalamika. Alisema mimi ni wa kwanza.

Tulianza. Sitawadanganya: ulikuwa mwendo mzuri. Mazeze yaliuchukua wimbo wangu kama watu waliokuja msibani na kujua pa kukaa. Niliimba beti za kuondoka na wao walikuwa chini yangu muda wote, hawakunitangulia. Nikafika mahali pa mwito. Nikaita. Nikanyamaza.

Mazeze yakanyamaza. Ngoma ikapigwa mara mbili, pu, pu. Kisha wasichana watano waliosimama nyuma wakasema kwa pamoja, kwa sauti iliyopangwa vizuri, "Swaaa."

Nilitazama chini kutafuta kuku.

Hapakuwa na kuku. Niliomba warudie tokea juu kidogo. Ikawa vile vile: kimya, pu, pu, swaaa. Nikamgeukia Sekunda, na Sekunda alikuwa ameinamisha kichwa mpaka magotini.

"Mwalimu," nikasema, "hilo neno mmelitoa wapi?"

"Kwenye rekodi, bibi. Tumeandika kila kitu kama kilivyo. Hatukubadili hata moja. Vijana wangu walipenda sana sehemu hiyo."

"Na hizo ngoma mbili?"

"Kuna mapigo mawili pale, kama mti umegongwa."

"Hilo ni gunzi. Kuku alikuja kwenye mahindi yangu, nikamfukuza, nikamtupia gunzi, likagonga mlango na kuanguka."

Kijana wa zeze kubwa alicheka kwanza, akajaribu kuacha, akashindwa, na wote wakamfuata. Mwalimu Projest hakucheka. Alizitazama karatasi zake moja moja kama mtu aliyeuziwa kitu kibovu.

"Miezi miwili, bibi," akasema. "Miezi miwili tunamfukuza kuku."

"Mmemfukuza vizuri. Sasa mwacheni."

Aliuliza kinachotakiwa kuwa pale. Nikamweleza yote niliyowaeleza ninyi hapo juu: Festo, Makambako, jibu, na ubeti wa mapokezi ambao yeye hakuwa nao kwa sababu haumo katika rekodi. Alisikiliza vizuri. Kisha alinieleza shida yake.

"Bibi, watu wanaokuja kusikiliza muziki wa namna hii hawasemi. Wameelekezwa hivyo. Wanakaa kimya mpaka mwisho, ndipo wanapiga makofi. Hakuna atakayejibu."

"Inawezekana."

"Niwaambie mwanzoni? Neno moja tu."

"Ukiwaambia, watakuwa wameombwa."

"Basi nihesabu hadi ngapi kabla hatujaingia tena? Vijana lazima wajue."

"Usihesabu. Kiinue hicho kijiti na ungoje. Wasipojibu nitanyanyua mkono, nanyi mrudie ubeti wa kwanza kama ulivyoandikwa."

"Na wakijibu, tupige nini?"

"Hamtapiga. Mtafunga karatasi."

Alikaa chini juu ya kreti yake. Alisema katika kazi yake yote hajawahi kusimama mbele ya watu na kijiti kikiwa juu bila kujua kitashuka lini. Nilimwambia kwamba mimi nimesimama hivyo tangu ujana wangu. Sikusema kwa ukali. Nilisema kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Onyesho lilikuwa kesho yake alasiri. Ghala lilijaa. Walikuja wafanyabiashara na wake zao, wapagazi, mama ntilie, wanafunzi, padri mmoja na masista, na watu wa Njombe walionunua tiketi za ukumbi na kufuata huko. Tulichelewa kuanza kwa sababu adhana ilisikika, na Mzee Shabani na wengi wengine wakatoka kwenda kuswali. Okestra ikakaa na vyombo mapajani ikisubiri, na hakuna aliyeona vibaya. Waliporudi, Mzee Shabani alisimama akawaambia watu wazime simu na wasizungumze, maana huu si muziki wa harusini. Nilimsikia na sikufurahi, lakini ghala ni lake.

Mlango mkubwa ulifungwa. Mlango mdogo wa ubavuni uliachwa wazi kwa ajili ya hewa, na nje yake kazi ya malori iliendelea.

Okestra ilipiga yake kwanza. Kisha niliitwa. Nilisimama kando ya Mwalimu Projest, katika gauni lenye alama za uzi, na nikaimba beti za kuondoka: jinsi alivyofunga mfuko, jinsi alivyoliacha blanketi, jinsi mama alivyosimama mpakani mwa shamba. Pumzi ilikuwapo. Nikafika kwenye mwito, nikauita kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu aliye mlangoni.

"Festo wa Yohane, amefika?"

Kijiti kikainuliwa. Kimya.

Kisha watu wakapiga makofi. Walidhani nimemaliza. Walipiga kwa moyo, na masista walipiga zaidi ya wote. Mwalimu Projest hakugeuka wala hakushusha mkono, na vijana wake hawakusogea, kwa hiyo watu wakaona kwamba kuna jambo, na makofi yakapungua kidogo kidogo mpaka akabaki mmoja, naye akaacha. Sasa kimya kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza. Njiwa walikuwa wakitembea juu ya bati. Sekunda, katika mstari wa mbele, alikuwa ameshika mdomo wake kwa mikono miwili, na nilijua kwamba anazuia neno, na kwamba angelitoa lisingefaa kitu, kwa kuwa ni ndugu.

Niliita mara ya pili. Utaratibu unaruhusu mara mbili.

"Festo wa Yohane, amefika?"

Hakuna. Nikaanza kunyanyua mkono ili turudie ubeti wa kwanza.

Mtu mmoja alikuwa akiingia kwa mlango wa ubavuni, na gunia tupu begani. Ni mpagazi wa pale Makambako, anaitwa Hamisi. Hakuwapo wakati watu wanaambiwa wanyamaze. Alisimama, akatazama huku na huku, akaona hakuna anayenijibu.

"Festo?" akasema. "Amefika, mama. Yuko nje anafunga turubai."

Watu wakacheka. Mzee Shabani akasimama nusu. "Hamisi, huo ni wimbo, bwana."

"Ah, samahani. Nimesikia anaulizwa Festo."

Wakacheka zaidi. Mimi sikucheka, na Mwalimu Projest pia hakucheka. Alikuwa akinitazama usoni, kijiti bado kiko juu, ananiuliza kwa macho kama ndiyo au siyo. Nilishusha mkono wangu. Naye akashusha wake, akafunga karatasi zilizokuwa mbele yake, na vijana wote wakafunga zao. Kicheko kikakatika.

Niliuimba ubeti wa mapokezi. Niliuimba kwa Kipangwa, kama nilivyoutunga. Yamo maneno ambayo mwanamke wa umri wangu asingeyachagua. Ni maneno ya msichana, nikayaacha. Hakuna chombo kilichopigwa. Nilipofika mahali panaposema aketishwe, kijana mmoja aliingia kwa mlango ule ule akiuliza, "Nani ananiita?" na Hamisi akamvuta mkono, akamkalisha juu ya gunia. Nilipofika mahali panaposema apewe chakula, alikuwa akijifuta mdomo kwa kiganja, na midomo yake iling'aa mafuta. Nilikijua kikapu kilichotoa mafuta yale. Niliendelea hadi afunikwe, nikamaliza. Watu hawakupiga makofi mara moja. Safari hii walisubiri waone kama nimemaliza kweli.

Baadaye kijana huyo alinijia uani.

"Shikamoo bibi. Naambiwa umeniimba."

"Marahaba. Sikukuimba wewe. Wewe ni wa wapi?"

"Makete, bibi. Baba ni Sanga. Halafu samahani kwa ile nyama. Nilikuta kikapu chini ya lori langu, nikajua Mungu amenikumbuka. Nilidhani ameniwekea mtu."

"Umeimaliza?"

"Kitambaa kipo, bibi. Nimekikunja."

Nilimuuliza majina ya babu zake. Si ndugu yangu kwa upande wowote. Niliuliza mara moja, nikaridhika.

Kurudi

Njia ya kurudi ilikuwa kavu. Spea ilitoka Mbeya siku tulipoondoka.

Tulipopita Njombe Sekunda hakunyamaza tena. Alisema kwamba amefikiri sana na anaona si haki kunificha.

"Bibi, yule hakuujibu wimbo. Alijibu habari ya dereva."

"Aliulizwa nini?"

"Kama Festo amefika."

"Akajibu nini?"

"Amefika. Lakini bibi..."

"Ni mtu wa wapi?"

"Wa Makambako."

"Kuna aliyemwomba?"

"Hapana."

"Basi."

Alitazama dirishani mpaka tulipoanza kushuka vilima vya kwetu. Sikumwambia zaidi, na wala ninyi sitawaambia zaidi. Utaratibu hausemi kwamba anayejibu lazima ajue anamjibia nani.

Sasa wewe, Sekunda, acha hayo uliyokuwa unataka kuniuliza, uandike ya kutunza. Rekodi ya simu itunze na kuku wake, usiisafishe. Maneno ya Hamisi yaandike kama alivyoyasema, pamoja na turubai. Mtu atakaporudia habari hii akaondoa turubai, msahihishe. Wimbo ukiimbwa, baada ya mwito uimbwe ubeti wa mapokezi. Ubeti wa kwanza usirudiwe tena mwishoni, na mimi nikiwa sipo, wewe ndiye wa kukataza. Kitambaa cha Oliva mrudishie, amekiulizia.

Blanketi usilitunze. Lifue, ulianike siku ya jua, kisha ujifunike. Ulilalamika baridi njia nzima hadi Njombe, na sitaki kuisikia tena habari hiyo.